Nani Aliwaumba Maorki? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Asili Zinazopingana, na Imani ya Kikristo, Katika Riwaya za Fantasia

Majibu haya yanawahusu waandishi watatu: J. R. R. Tolkien, C. S. Lewis na Philip Pullman. Kila mmoja aliichukua hadithi ya kitabu cha Mwanzo akaifinyanga upya kwa mkono wake, na kila mmoja ametuachia maelezo yasiyopatana kuhusu nani alitoka wapi. Tolkien amepewa nafasi kubwa kwa sababu ndiye aliyehangaika zaidi, hasa na maorki, majeshi ya viumbe wabaya wa hadithi zake. Asiyependa kujua mwisho wa kitabu kabla ya kukisoma aishie hapa.

Maorki walitoka wapi?

Inategemea unamuuliza Tolkien wa mwaka gani.

Tolkien wa 1916 na 1917, ofisa kijana aliyerudishwa Uingereza mgonjwa kutoka mapigano ya Somme, aliandika kisa cha kuanguka kwa mji wa Gondolin. Humo adui mkuu, yule ambaye baadaye tutamjua kama Melkor au Morgoth, anawafyatua maorki kutokana na joto la chini ya ardhi na utelezi wa matope. Basi. Mwovu anahitaji askari, anajitengenezea askari.

Tolkien wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakubali tena jambo hilo. Sasa Melkor anawavizia Maelfi wa kwanza, jamii ya watu wasiozeeka, mara tu wanapoamka duniani, anawafungia katika ngome yake ya Utumno, na kwa mateso ya taratibu anawaharibu mpaka wanakuwa kitu kingine. Simulizi hili ndilo lililoingia katika The Silmarillion ya 1977, na ndilo ambalo wengi wanalijua.

Tolkien wa miaka iliyofuata anairudia karatasi yake mwenyewe na kuandika pembeni kwamba hapo pabadilishwe, maorki si Maelfi. Kisha anajaribu njia nyingine. Pengine ni wanyama waliopewa sura ya watu, na maneno yao ni ya kasuku. Pengine ni wanadamu waliopotoshwa. Pengine baadhi ya majemadari wao ni pepo wa ngazi ya chini waliojivika miili. Pengine ni mchanganyiko wa hayo yote. Hilo la wanadamu lilimletea taabu ya kalenda: kwa masimulizi yake mwenyewe, wanadamu waliamka jua lilipochomoza kwa mara ya kwanza, na maorki walikuwa wanapigana vita kabla ya jua kuwepo. Ilimbidi afikirie kurudisha nyuma kuamka kwa wanadamu wote ili maorki wapate mababu.

Kwa hiyo anayekuambia kwa uhakika kwamba maorki ni Maelfi amesoma kitabu kimoja, na anayekuambia kwamba mwishowe walikuwa wanadamu amesoma viwili.

Kwa nini asichague moja akaendelea na kazi?

Kwa sababu alikuwa Mkatoliki wa dhati, na alikuwa anaandika vita.

Mama yake, Mabel, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, ndugu zake wakamkasirikia, na akafariki 1904 mwanawe akiwa na miaka 12. Mlezi aliyemwachia watoto alikuwa padre, Francis Morgan. Imani ya Tolkien ilikuwa na gharama tangu utotoni, wala hakuwa mtu wa kuivua anapokaa mezani kuandika.

Imani hiyo ilimpa mambo mawili asiyoweza kuyaacha. La kwanza: anayeumba ni Mungu peke yake, na uovu hauna uwezo wa kuumba, unaharibu tu kilichokwisha kuumbwa kikiwa chema. Hayo ni mafundisho ya kale, Mtakatifu Augustino aliyapigania dhidi ya Wamani waliosema kwamba wema na uovu ni nguvu mbili zinazolingana. La pili: kiumbe chenye akili na utashi kina roho, na hakuna mwenye haki ya kusema kwamba roho fulani imekwisha kufungiwa mlango wa wokovu.

Upande wa pili, hadithi yake ilihitaji jeshi kubwa la watu wabaya ambao shujaa anaweza kuwakata siku nzima, jioni akala na kulala vizuri.

Sasa jaribu kuvishika vyote pamoja. Ukisema maorki wametokana na matope, umempa Melkor uwezo wa kuumba uhai, na hapo umekuwa Mmani. Ukisema ni Maelfi walioharibiwa, wana roho, na kila mtoto wao anayezaliwa amepewa roho hiyo na Ilúvatar, yaani Mungu wa simulizi hizi, akaitia katika tumbo lililokwisha kuharibiwa na mtesaji. Ukisema ni wanyama, inabidi ueleze kwa nini wanazungumza, wanapanga njama na kulalamikia wakubwa wao. Kila mlango aliougonga ulikuwa na mtu nyuma yake.

Hakuna aliyemuuliza alipokuwa hai?

Waliuliza. Mwaka 1954 Peter Hastings, Mkatoliki aliyekuwa msimamizi wa duka la vitabu la Kikatoliki mjini Oxford, alimwandikia kumhoji mambo kadhaa, likiwemo hili: inakuwaje mhusika mmoja aseme kwamba Adui aliwatengeneza maorki na matroli, yale majitu yake? Tolkien akaketi kuandika jibu refu sana. Akasema mle kwamba maorki kwa asili ni viumbe wenye akili na mwili, walioharibika vibaya, ingawa si kuwazidi wanadamu wengi wa siku hizi. Akasema pia kwamba alikaribia kuwaita wabaya wasiokomboleka, lakini akaona huko kungekuwa kuvuka mpaka, kwani kama wamo duniani, wamo katika dunia ya Mungu. Kisha barua hiyo hakuituma. Aliona amejikweza mno.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1965, alimwandikia mshairi W. H. Auden kwamba yeye si mwanateolojia wa kutosha kusema kama dhana yake ya maorki ni uzushi au la. Mimi nalipenda jibu hilo kuliko lile refu.

Treebeard anasema Adui aliwatengeneza, Frodo anasema aliwaharibu tu. Nani mkweli?

Wote wawili wamo katika The Lord of the Rings ya 1954 na 1955. Treebeard, mchunga miti mzee kuliko milima unayoijua, anasema matroli ni bandia zilizotengenezwa kuwadhihaki jamaa zake, kama maorki walivyotengenezwa kuwadhihaki Maelfi. Frodo, shujaa aliyebeba Pete ya uovu ili iangamizwe, akiwa kwenye mnara wa Cirith Ungol, anamwambia mwenzake Sam kwamba Kivuli kinaweza kuiga kwa dhihaka lakini hakiwezi kuumba, na kwamba maorki hakikuwapa uhai, kiliwapinda tu.

Tolkien alijitetea kwamba Treebeard ni mhusika, si yeye mwandishi, na kuna mengi ambayo mzee huyo hayajui. Utetezi huo ni halali. Lakini Frodo naye ni mhusika, na ukisoma vizuri anatanguliza kwamba hivyo ndivyo anavyoona yeye. Kitabu hakina msimulizi anayejitokeza na kukata shauri. Hii ndiyo njia ya Tolkien: elimu ya mambo ya kale huja kupitia mdomo wa mtu fulani, na mtu huyo ana mipaka. Hata The Silmarillion, pale inapotoa asili ya Kielfi, inasema kwamba hayo ndiyo waliyoyaamini wenye hekima wa Eressëa, kisiwa cha Maelfi. Wenye hekima waliamini. Haisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kwani The Silmarillion si neno la mwisho?

Hapana. Tolkien alifariki Septemba 1973 bila kuikamilisha. Mwanawe Christopher, akisaidiwa na Guy Gavriel Kay, ndiye aliyechagua rasimu zipi ziunganishwe kuwa kitabu kimoja. Baadaye, kati ya 1983 na 1996, akatoa juzuu 12 za maandishi ya baba yake zikionyesha rasimu jinsi zilivyokuwa, na mabishano ya maorki yamo zaidi katika juzuu ya kumi, Morgoth's Ring, ya 1993. Anayetaka kumwona mtu akibishana na nafsi yake kwa kalamu asome hiyo.

Maorki wakifa wanakwenda wapi?

Elfi akiuawa, roho yake inaitwa kwenye kumbi za Mandos, mlinzi wa wafu, na huko inaweza hata kurudishiwa mwili. Kama orki ni Elfi, je, naye anaitwa? Anakaa kumbi hizo hizo na waliomuua? Tolkien aliliona swali hilo na hakuwahi kulifunga.

Alichofunga ni jambo la karibu zaidi. Katika maandishi hayo ya baadaye anasema kwamba maorki lazima wapigwe vita bila huruma vitani, lakini mateka wasiteswe hata kama ni kwa ajili ya kupata habari za kuokoa nyumba, na orki akijisalimisha na kuomba rehema apewe, hata kama itawagharimu. Anaongeza kwamba katika vitisho vya vita fundisho hilo halikufuatwa kila mara. Wanaosema maorki wa Tolkien ni mbao za kulengea shabaha hawajafika ukurasa huo.

Je, maorki wanaonyesha dalili yoyote ya dhamiri?

Wanaonyesha, na dalili hiyo ina uchungu wake. Mwishoni mwa The Two Towers, maorki wawili, Shagrat na Gorbag, wanapiga soga. Wanatamani vita viishe, wachukue vijana wachache wa kuaminika, wakaanzishe maisha mahali pasipo na wakubwa. Kisha Gorbag anamzungumzia shujaa asiyejulikana ambaye, kwa maoni yake, amemtelekeza mwenzake chini na kwenda zake. Analaani kitendo hicho: anakiita tabia ya Kielfi kabisa.

Yaani orki anajua kwamba kumtelekeza mwenzako ni aibu. Kasuku hajui hilo. Kwangu mimi, mazungumzo haya yanaivunja nadharia ya wanyama kuliko hoja yoyote ya kiteolojia, na ni Tolkien mwenyewe aliyeyaandika.

Kuna wengine waliotengenezwa na asiye Mungu?

Madwafu, wale watu wafupi wa milimani. Aulë, mmoja wa wakuu wa roho zilizoumbwa kabla ya dunia, fundi kwa tabia, alichoka kuwasubiri watoto wa Ilúvatar akajitengenezea viumbe vyake kwa siri. Ilúvatar akamkuta. Viumbe hao walikuwa wakitembea Aulë akiwaza watembee, na wakisimama asipowaza. Aulë akakiri, akainua nyundo awavunje huku akilia, na wale wadogo wakajikunyata kwa woga. Kujikunyata kule kulionyesha kwamba tayari walikuwa na nafsi zao: Ilúvatar alikuwa amekwisha kuwapa uhai.

Msomaji wa Biblia anamwona Ibrahimu na kisu chake bila kuambiwa. Lakini hiki ndicho pia kipimo cha Melkor. Wote wawili walitamani kuumba. Mmoja alitaka wawepo wengine wa kuwapenda na kuwafundisha, akawa tayari kuwatoa. Mwingine alitaka watumwa.

Mbona Kristo hayumo?

Desemba 1953 Tolkien alimwandikia rafiki yake Robert Murray, Mjesuiti, kwamba The Lord of the Rings ni kitabu cha kidini na cha Kikatoliki kwa msingi wake, mwanzoni bila kukusudia, katika kusahihisha kwa kukusudia. Ndiyo maana, alisema, aliondoa karibu kila kinachofanana na ibada. Dini imeyeyukia ndani ya hadithi.

Alama zimebaki kwa anayezitafuta. Msafara unaondoka Rivendell tarehe 25 Desemba. Pete inaangamizwa tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, siku ambayo mapokeo ya zamani yaliihesabu pia kuwa ya kusulubiwa kwa Bwana.

Mara moja alikaribia zaidi. Katika mazungumzo ya Finrod, mfalme wa Kielfi, na Andreth, mwanamke mwenye hekima, inatajwa imani ya baadhi ya wanadamu kwamba Mungu mwenyewe siku moja ataingia ndani ya dunia aliyoiumba, aiponye. Mle mle kuna simulizi la anguko la wanadamu: Sauti iliyowaita, na mwingine aliyekuja na zawadi wakamjengea nyumba ya kumwabudu. Kisha Tolkien akaandika kwamba anaogopa maandishi hayo yamekuwa tayari kama kichekesho cha kuiga Ukristo. Alirudi nyuma. Nadhani alifanya vizuri, ingawa mazungumzo yenyewe ni kati ya kurasa zake bora.

Mchawi Mweupe wa Narnia ni jini au malkia wa dunia nyingine?

Katika The Lion, the Witch and the Wardrobe (1950), kitabu cha kwanza cha Lewis kuhusu nchi ya Narnia, Bwana Beaver, mnyama anayesema, anawaambia watoto kwamba mchawi si binti wa Hawa hata kidogo. Upande mmoja ametoka kwa Lilith, mke wa kwanza wa Adamu, ambaye alikuwa jini. Upande wa pili ni wa majitu. Lewis ametumia neno hilo hilo, jini, na msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji maelezo zaidi.

Katika The Magician's Nephew (1955), mchawi huyo huyo ni Jadis, malkia wa mwisho wa Charn, dunia iliyokufa kwa sababu yeye alitamka Neno moja lililoua kila kilicho hai isipokuwa yeye. Aliingizwa Narnia na mvulana Digory siku Narnia inaumbwa. Lilith hatajwi.

Wapatanishi wanasema watawala wa Charn wangeweza kuwa uzao wa Lilith, na kweli kitabu kinagusia kwamba damu ya majitu ilikuwemo katika ukoo huo. Inawezekana. Mimi naona jambo ni jepesi zaidi: mwaka 1950 Lewis hakuwa na Charn kichwani. Hakuwa mtu wa kusahihisha miaka 40 kama rafiki yake. Hadithi mpya ilipokuja aliiandika, na Beaver akabaki mnyama anayerudia alichosikia kijijini.

Kinachovutia zaidi ni alichoifanyia bustani. Digory anatumwa kuchuma tofaa, mchawi anamshawishi ale au ampelekee mama yake mgonjwa, naye anakataa. Anguko halitokei. Na uovu umo Narnia tayari, umeletwa na mtu kutoka nje kabla mkazi yeyote hajakosa. Lewis alifiwa na mama yake 1908 akiwa na miaka tisa. Digory, baada ya kutii, anapewa tofaa na mama yake anapona.

Basi Aslan ni Yesu?

Lewis alikataa kumwita Aslan, simba wa Narnia, fumbo. Alisema ni dhana: tuseme kuna dunia kama Narnia, na Mwana wa Mungu akaamua kwenda kuikomboa kama alivyokuja kwetu, ingekuwaje? Wengi hawaoni tofauti. Ipo: katika fumbo Aslan angekuwa anamwakilisha mwingine, hapa ni yeye mwenyewe katika nchi nyingine.

Nianze na kitabu kipi cha Narnia?

Kile cha 1950. Siku hizi vinapewa namba kwa mfuatano wa matukio, na Lewis aliwahi kumkubalia mtoto mmoja kwamba mpangilio huo huenda ni bora, ila akasema pengine haidhuru. Inadhuru kidogo: ukianza na uumbaji, ile taa ya barabarani msituni haikushangazi.

Kwa Pullman, nani aliumba?

Hakuna anayetajwa. Trilojia yake, His Dark Materials, iliyotoka 1995, 1997 na 2000, ina kiumbe anayeitwa Mamlaka, ambaye makanisa ya dunia zote yanamwabudu kama Muumba. Malaika Balthamos anamfunulia kijana Will kwamba Mamlaka alikuwa malaika wa kwanza tu kutokea katika Vumbi, ile dutu yenye ufahamu ya hadithi hizi. Waliomfuata aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyewaumba, na ulikuwa uongo. Malaika wa kike aliyegundua ukweli akafukuzwa.

Ili uone ujanja wake, soma kitabu cha tano cha Paradise Lost ya John Milton, ya 1667. Shetani anamuuliza malaika mwaminifu Abdieli: nani alishuhudia tukiumbwa? Hatukumbuki wakati ambao hatukuwepo, basi tumejizaa wenyewe. Kwa Milton hiyo ni hoja ya mwasi mwenye kiburi. Pullman ameichukua hoja hiyo akaigeuza kuwa historia ya kweli, na uongo akauhamishia kwenye kiti cha enzi.

Hata Biblia imeandikwa upya. Katika dunia ya Lyra, msichana shujaa wa trilojia hiyo, sura ya tatu ya Mwanzo inasema kwamba mtu akila tunda, daimoni wake, ile nafsi yake inayotembea nje ya mwili kwa umbo la mnyama, itapata umbo lake la kweli. Kula tunda ni kukua. Lyra ni Hawa mpya, nyoka ni mwanasayansi aliyekuwa mtawa, na kishawishi chenyewe ni yeye kuwasimulia watoto jinsi alivyowahi kupenda.

Namheshimu Pullman kuliko ninavyokubaliana naye. Mamlaka anapokufa, mzee dhaifu anayesambaratika upepo unapomgusa, unamwonea huruma. Lakini huyo siye Mungu ambaye Augustino, Milton au Tolkien walikuwa wanamzungumzia. Amemshinda mdanganyifu, na swali la nani alianzisha Vumbi limebaki pale pale.

Je, Mwanzo yenyewe haina asili mbili?

Inazo. Katika sura ya kwanza wanyama wanatangulia, kisha mwanamume na mwanamke wanaumbwa pamoja. Katika sura ya pili mwanamume anatangulia, kisha wanyama, kisha mwanamke kutoka ubavuni. Wayahudi wa zama za kati, wakijiuliza yule mwanamke wa sura ya kwanza ni nani, walimpa jina la Lilith. Kwa hiyo mchawi wa Narnia, kwa maneno ya Beaver, amezaliwa katika ufa ulio kati ya sura hizo mbili.

Kuna kazi za Kiswahili zinazofanana na hizi?

Soma Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Ni fupi, ni ngumu, na haziombi radhi kwa kuwa ngumu. Ukitoka kwa Pullman ukaingia Mzingile hutajisikia mgeni.

Ukilazimishwa kuchagua asili moja ya maorki, utachagua ipi?

Ile ya Maelfi, pamoja na deni lake lote. Ndiyo pekee inayomfanya Gorbag aeleweke anapoona aibu ya mwenzake kutelekezwa. Lakini ukiikubali, rudi kwenye mapigano ya Helm's Deep, pale Legolas na mwenzake Gimli, Mdwafu, wanaposhindana kwa utani nani ataua zaidi. Gimli anamaliza na 42. Legolas, ambaye ni Elfi, anamaliza na 41, wengi wao maorki, na kila orki aliyemo katika hesabu hiyo ni ndugu yake.